Akina Hruska Watatu na Mimi

Jumamosi, 12 Oktoba

Naandika jina langu hapa juu, Lyle Ostergard, ili shajara hii ikipotea irudishwe kwangu na si kwa Gage.

Asubuhi ofisini kwa Kocha Verlin, kutazama mkanda wa Prosek, shule ya mji jirani tutakaocheza nao Ijumaa. Ndiyo kawaida ya ligi yetu ya shule ya mpira wa Kimarekani, ule wa kushika mkononi: kila Jumamosi wapinzani hubadilishana mikanda ya mechi zao zilizopita, kila mtu ajue kitakachomuua. Mimi nimeshajua.

Prosek wana walinzi wa nyuma watatu, wote wa ukoo wa Hruska: mapacha Tate na Trey, na binamu yao Milo. Kazi ya walinzi wa nyuma ni kuzuia mipira mirefu isidakwe. Hawa hawazuii. Wanaidaka wenyewe na kuondoka nayo. Mkanda mmoja tu, mipira mitano. Baada ya hapo niliacha kuhesabu kwa heshima ya marehemu.

Na hawa ni wapwa wa mke wangu. Marlys alizaliwa Hruska. Ndiye shangazi yao.

Tatizo lenyewe: Verlin anastaafu msimu ukiisha. Magoti yamekataa. Bodi ya shule inakaa Jumatatu baada ya mechi ya Prosek kuchagua kocha mkuu mpya. Wanaofikiriwa ni wawili. Mimi, kocha wa mashambulizi, msaidizi wa Verlin tangu enzi Gage anavaa nepi. Na Gage Tietjen mwenyewe, kocha wa ulinzi, meno meupe, nywele zimelala upande mmoja, kila mama wa mji wetu wa Tolbert anampelekea maandazi.

Gage akatoa maoni yake, hakuna aliyemwomba. Kasema walinzi kama hao huwashindi kwa mipira mirefu. Kimbia na mpira. Ukilazimika kurusha, rusha mifupi, mbele ya pua zao, waache wasimame kule nyuma kama watu wanaongoja basi. Na kwa kuwa timu zetu ni za wachezaji wanane wanane, vijana walewale wanashambulia na kulinda. Basi ulinzi wetu uwabane kila wakishika mpira, mashambulizi yetu yawakimbilie kila tukishika sisi. Robo ya mwisho ulimi utakuwa nje.

Verlin akatikisa kichwa kukubali. Mimi nikacheka kwa dharau. Hakuna aliyeniuliza kwa nini nacheka, na nilikuwa nimeandaa jibu.

Kukimbia na mpira ni kazi ya matrekta. Mimi ni mtu wa mpira mrefu. Mpira ukiwa hewani uwanja mzima unanyamaza, hata wauza soseji. Na ukocha huu nautaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Basi, nimeshaandika. Nataka nikiingia penye kahawa watu waseme "Kocha", wasiseme "yule wa Verlin".

Jumapili, 13 Oktoba

Chakula cha mchana kwa mama mkwe, Prosek. Bata wa kuoka, madonge ya unga, kabichi chachu. Nilikwenda na nia mbaya na tumbo tupu.

Mpango wa kwanza: upelelezi. Nikajiweka katikati ya mapacha na kuuliza, kwa sauti ya mjomba mwema, wanajuaje nani amfuate nani uwanjani. Tate akasema hawajui, Anko, wanacheza tu. Trey akasema Anko, nisogezee mchuzi. Nikabadili njia, nikauliza kama siku hizi wanalala vizuri. Mama mkwe akataka kujua nimeanza lini udaktari.

Nikaanza kutazama. Tate akinyoosha mkono kwenye madonge, Trey anahamisha bakuli bila kugeuza shingo. Milo akiinuka, wale wawili wanasogea kujaza nafasi yake. Wamekua kwenye zizi moja la ng'ombe. Hawaambizani kitu. Niliogopa kidogo, nikaongeza bata.

Mwisho zikaletwa kolache, vile vitobosha vya jamu ya plamu. Ikabaki moja. Niliitazama. Kabla sijainua mkono, Milo ameshaitia mdomoni. Nikamuuliza alijuaje kuwa naitaka. "Anko, umeikodolea macho tangu supu." Meza nzima ikacheka. Marlys naye akacheka, na yeye ni mke wangu wa ndoa.

Lakini kichwani taa ikawaka. Milo anasoma macho! Mrushaji akitazama kulia, Milo anakwenda kulia. Basi mrushaji wetu atazame kulia, arushe kushoto. Waliosoma wangeandika kitabu. Mimi nimekula bata.

Njiani kurudi Marlys akasema Ijumaa atakaa upande wa Prosek na mama yake. Nikasema sawa. Akauliza mbona natabasamu peke yangu. Nikasema naipenda familia.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimemchukua Jarrett Wiebe, mrushaji wetu, kwa mafunzo ya siri nyuma ya ukumbi wa mazoezi. Jarrett ana mkono mzuri na utii uliopitiliza. Ukimwambia angoje hapa, mvua itamkuta hapo.

Nikamwambia: tazama kulia, rusha kushoto. Akatazama kulia, akarusha kulia. Nikarudia pole pole. Akafumba macho, akarusha juu. Wa tatu uliingia kwenye tarumbeta kubwa ya bendi ya shule, waliokuwa wakijifunza wimbo wa Ijumaa. Wa nne ulimpata Kocha Verlin katikati ya mabega. Kwa bahati alidhani ni bendi.

Gage akapita, akauliza kwa adabu kama ningependa awaombe bendi wahame. Adabu ya Gage inanipandisha presha.

Jioni ilianza kukubali. Macho kule, mpira huku. Mtoto mwenyewe akashangaa. Mpango huo nimeupa jina: "Marlys". Ni mrefu, na siku zote unaishia pazuri. Marlys hajui.

Jumanne, 15 Oktoba

Macho peke yake hayatoshi. Wale watatu lazima wasogee mbele waache uwazi nyuma. Mpango wa pili: uongo.

Asubuhi nikaenda chama cha wakulima, pale penye kahawa ya bure, nikamtafuta Orval Fintel. Orval akipewa siri wakati wa uji, saa sita imeshavuka wilaya. Dada yake anaishi Prosek. Nikainamisha kichwa, nikamwambia: Ijumaa hatutarusha hata mpira mmoja. Ni kukimbia tu. Lakini Orval, tafadhali, isitoke hapa. Akaapa kwa mama yake, akamaliza kahawa yake kwa mkupuo, akatoka mbio bila kofia.

Sikuhesabu kwamba kabla ya kufika Prosek habari itapita Tolbert kwanza. Na Tolbert wameipenda! Penye mafuta ya gari watu wanapeana mikono. Mtu mzima kanisimamisha barabarani kuniambia hatimaye kumeingia akili pale shuleni, na hongera zimfikie Gage.

Jioni Verlin akaniita ofisini. Nikajua nimekamatwa. Kumbe mzee ana machozi. Kasema amesikia nimeukubali mpango wa kukimbia, na nimeutangaza mwenyewe hadharani ingawa ni wa Gage. Kasema miaka yote alikuwa anangoja siku nitakayoweka kiburi chini. Kasema mwenye kipaji wapo wengi, mwenye kukubali wazo la mwenzake ndiye kocha, na atamwambia hivyo Bi. Darlene Schoch, mwenyekiti wa bodi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Ningesema nini? Nilisema asante, Kocha.

Kwa hiyo sasa tunakimbia. Amri imetoka, na mwenye kusifiwa kwayo ni mimi. Mchimba kisima huingia mwenyewe, ila sijawahi kusikia aliyeingia akapigiwa makofi.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimelala nikiliwaza jambo hili. Nikikimbia kwa mpango wa Gage nikashinda, nimeshinda. Sawa. Kinachotakiwa tu ni akina Hruska wachoke. Gage anataka wachoke robo ya mwisho. Mimi naweza kuwachosha kabla hawajavaa viatu. Hapo ndipo tofauti ya miaka inapoonekana.

Nimempigia simu shemeji Ladd, kaka yake Marlys, baba wa mapacha. Mahindi yake bado yamesimama shambani. Nikamwambia kwa huzuni kwamba Ijumaa inakuja mvua kubwa, na upepo, labda na barafu. Kwamba mimi ningekuwa yeye ningevuna kesho yote, vijana wote shambani, mpaka gunzi la mwisho. Nilikuwa nawaona Tate na Trey kwenye vumbi, macho mekundu, mikono haiinuki.

Ladd akasema, sauti imemlainika, kwamba kwa miaka yote ya ndoa yangu hakujua kama najali mahindi yake. Kasema dereva wake wa trekta la nafaka ameumia mgongo, na alikuwa anaona haya kuomba. Kwa hiyo kesho nikitoka kufundisha darasani nije na glovu.

Hapa kwetu ukiuliza habari za mavuno ya mtu umeshajiajiri. Mtoto wa chekechea anajua. Mimi nimezaliwa hapa, nimeoa hapa, na nimeuliza.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mashamba ya Ladd hayana mwisho. Nimeendesha trekta nikivuta tela la nafaka kando ya mashine ya kuvunia, huku na kule, vumbi mpaka kwenye meno. Mbingu bluu. Hata wingu la kusingizia hakuna.

Mapacha na Milo walifika wakiwa wamevaa buti, tayari. Ladd akawaambia warudi nyumbani, wale, walale mapema, kesho wana mechi, kazi anaifanya Anko. Milo akanijia, akanipa chupa ya maji. Kasema asante sana, Anko, hakuna kocha mwingine angefanya hivi siku moja kabla ya mechi. Alikuwa anasema kweli tupu.

Mazoezi ya mwisho nimeyakosa. Gage ameyasimamia, ulinzi na mashambulizi yote mawili. Naambiwa yalikwenda vizuri mno.

Mikono imetoka malengelenge. Siwezi kushika kalamu sawasawa. Marlys amenipaka mafuta, akanibusu kwenye upara, akasema leo ameona mwanamume aliyeolewa naye. Nikamrekebisha kwamba mimi ndiye niliyeoa. Kasema haidhuru. Nilijisikia vizuri, na vibaya, kwa wakati mmoja.

Ijumaa, 18 Oktoba

Lazima niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Uwanja ulifurika. Mimi kwenye kibanda cha juu, vipokea sauti masikioni, nikitoa amri za mashambulizi. Chini, pembeni mwa uwanja, mtu wetu wa ishara huinua bango la mchezo ninaoutaja, Jarrett huliona, basi.

Tukakimbia. Moyo uliniuma lakini tukakimbia. Na ikafanya kazi. Akina Hruska walisimama nyuma wakingoja mipira isiyokuja. Wakasogea mbele, tukarusha mifupi pembeni mwao. Wakirudi, tunakimbia tena. Wakishika wao, vijana wa Gage wanawabana mpaka wanahema. Robo ya nne Trey alishika magoti yake akapumua kama mzee. Gage alisema itakuwa hivyo, na ikawa hivyo.

Dakika ya mwisho: sisi 22, wao 20, mpira kwetu. Prosek hawana tena ruhusa ya kusimamisha saa. Hapo mchezo umekwisha. Mrushaji anapokea mpira, anapiga goti, saa inakwenda. Anapiga goti tena. Mnaenda kula.

Sauti ya Verlin ikaja masikioni. Kasema Lyle, Bi. Schoch alinifuata wakati wa mapumziko. Bodi yote wako nyuma yako. Kasema ni wewe, kijana wangu. Piga goti twende nyumbani. Kisha akavua vipokea sauti vyake, akaanza kupeana mikono na watu.

Ni mimi! Nilikuwa nimepata. Nilichotakiwa kutamka ni neno moja, goti.

Nikatazama chini. Watu wote wa Tolbert wanaimba. Wanaimba Gage. Na Gage amesimama pale amekunja mikono, hajui hata kama anaimbwa. Na akina Hruska, wote watatu, wamesogea mbele kabisa kusubiri goti. Nyuma yao uwanja mtupu, kijani, mpana. Hakuna hata kuku.

Nikawaza, nitaingia kwenye ukocha kwa mpango wa mtu mwingine? Nikawaza, mmoja tu. Mdomo wangu ukasema "Marlys".

Mtu wa ishara aligeuka kunitazama juu. Nikarudia.

Na Jarrett, Mungu ambariki, alifanya kila nilichomfundisha. Akakaza macho kulia. Milo akachomoka kwenda kulia kama aliyetumwa. Nilisimama juu ya kiti. Jarrett akarusha kushoto, mpira mzuri, unaozunguka safi hewani, uwanja mzima kimya. Nilimdanganya Milo. Nimemdanganya kabisa.

Tatizo ni kwamba Tate hamtazami mrushaji. Tate anamtazama Milo. Milo alipokwenda kulia, Tate akajaza kushoto, bila kuambiwa na mtu, mpira ukamkuta mikononi. Trey akamfagilia njia. Kule walikoelekea hatukuwa na mtu. Wote walikuwa wameshaanza kushangilia.

Tate akafika nao mwisho wa uwanja, pointi sita, saa ikaisha: 26 kwa 22.

Nilipofika chini Jarrett alikuwa ameketi kwenye nyasi, helmeti bado kichwani, analia. Akaniambia samahani, Kocha, nilitazama kulia kama ulivyosema. Nikamwambia hukukosea chochote. Mtoto wa watu, analia kwa kosa langu, na ndiye ananiomba msamaha. Sijawahi kuona aibu kama ile. Nilitaka ardhi ya Nebraska inimeze na mahindi yapandwe juu.

Jumamosi, 19 Oktoba

Marlys ameuliza kwa nini mji mzima unasema Marlys ndiye aliyetuua. Nimemweleza. Akaenda kufua mapazia safi.

Verlin hakupokea simu. Orval penye kahawa alisogeza kiti ili nisikae. Gage yeye anawaambia watu kwamba kibanda na benchi hawakusikilizana, kelele zilikuwa nyingi, ingemtokea yeyote. Ananifunika! Angenitukana ningelala. Huruma ya Gage ni dawa chungu, na ananinywesha mbele za watu.

Jumatatu, 21 Oktoba

Bodi imekaa. Gage. Kura zote.

Verlin alikuja mwenyewe kuniambia, mlangoni pa darasa langu. Hakufoka. Alisema tu, "Ulikuwa nayo mkononi, Lyle." Akaondoka akichechemea. Niliwafundisha watoto mito ya Marekani ya Kusini nikiwa nimewapa mgongo, nikijifanya natafuta kitu kwenye ramani. Miaka kumi na tisa ya kuwa msaidizi ni mingi.

Baada ya vipindi Gage akaja. Nikafikiri anakuja kunifukuza. Kumbe anaomba nibaki, niendelee na mashambulizi, kasema hakuna mtu anayeujua mpira wa kurusha kama wewe, mzee wangu. Sharti moja tu: tukiwa mbele, dakika za mwisho, tunapiga goti. Nikaweka mkono moyoni, nikaapa. Na nilikuwa namaanisha. Machozi yalinilenga.

Jumanne, 22 Oktoba

Siku ya kwanza ya mtu mpya. Nimenyoa ndevu. Gage akisema kitu naitikia ndiyo. Nimemwomba radhi mtu wa ishara. Nimemwomba radhi Orval, nimemletea kahawa, ingawa kahawa ni ya bure. Marlys amerudisha mapazia dirishani, akaniuliza, bila ukali, kama safari hii nimejifunza. Nikamwambia nimejifunza mengi sana. Akanishika shavu.

Na ni kweli. Nimeutazama mkanda wa mechi ya Ijumaa tena na tena, kwa utulivu, bila hasira, mpaka nikaona jambo ambalo hakuna mtu mwingine Tolbert ameliona. Milo alikwenda kulia. Tate akaenda kushoto. Trey alikuwa katikati, amechoka, hatazami popote. Kulia, nyuma ya Milo, palibaki wazi kabisa, na mtu wetu alikuwa pale, peke yake, anapunga mkono.

Kwa hiyo kosa halikuwa kurusha. Watu wanasema kurusha kwa sababu hawajatazama vizuri. Kosa lilikuwa kurusha kushoto.

Baada ya mazoezi, Gage alipoondoka, nimemchukua Jarrett nyuma ya ukumbi. Nimemwambia sasa atazame kushoto. Akasema sawa, Kocha.